Anayesoma kwa masikio asicheleweshwe na majina yetu

Majuzi nikiwa mjini Garissa nilimtembelea mwalimu mwenzangu asiyeona. Aliniomba nimpangie katika orodha moja stesheni za redio anazosikiliza mtandaoni. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi tu.

Yeye hutumia NVDA, kisomaskrini cha bure kilichoanzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye pia haoni. Kisomaskrini ni programu inayogeuza maandishi ya tarakilishi kuwa sauti.

Orodha yenyewe ni faili ya maandishi matupu ambayo jina lake huishia kwa .m3u8. Mstari wa kwanza ni #EXTM3U. Kisha kila stesheni hupewa mistari miwili: mmoja huanza kwa #EXTINF:-1, hufuata koma na jina la stesheni, wa pili ni anwani ya matangazo. Hiyo -1 huashiria kuwa urefu haujulikani, kwani matangazo ya moja kwa moja hayana mwisho. Faili ikifunguliwa katika programu ya VLC, yeye huteremka kwa kitufe cha mshale akisomewa jina moja moja.

Niliandika: "Redio Taifa ya KBC", "Redio Star FM", "Redio ya BBC, Idhaa ya Kisomali". Alipoijaribu alicheka.

"Mwalimu, hapo umenimaliza! Kila nikishuka naambiwa redio, redio, redio. Sasa nitajuaje nimefika wapi?"

Kosa halikuwa la mashine. Katika Kiswahili, nomino hutangulia na kinachoibainisha hufuata: idhaa ya Kisomali, redio ya taifa. Jicho huliruka neno linalojirudia likatua panapotofautiana. Sikio haliwezi kuruka, hungoja. Kwa hivyo katika orodha, neno linalotofautisha lianze. Tulibadilisha ikawa: "Taifa, KBC", "Star FM", "Kisomali, BBC". Safari hii aliteremka kwa kasi, akikata kila jina baada ya silabi mbili au tatu.

Lilibaki suala la matamshi. Kisomaskrini chake kilikuwa kimewekewa sauti ya Kiingereza, nacho kikawa kinayavuruga majina ya Kiswahili. Tulichagua sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, mambo yakanyooka kiasi. Kisomali bado kilileta shida: katika hati yake ya Kilatini iliyoidhinishwa mwaka wa 1972, herufi x huwakilisha h nzito ya kooni. Ndiyo maana Hassan wetu huandikwa Xasan. Sauti isiyoijua kanuni hiyo haiwezi kulitamka jina hilo ipasavyo. Lugha ya sauti inapaswa kuchaguliwa kwa kuzingatia lugha ya maandishi.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na teknolojia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Lakini sisi waandishi nasi tuna sehemu yetu. Ukurasa wenye viungo kumi vinavyosema "bofya hapa" humwacha asiyeona gizani, ilhali "fomu ya basari" humfikisha moja kwa moja.

Kabla hujachapisha orodha yoyote, fumba macho usomewe. Ukichoka kungoja neno la maana, lisogeze mbele.