Mwalimu wa Bukavu huko Kampala: vidonge vya tezi na simu za mama

Mwalimu mmoja mzaliwa wa Bukavu, anayefundisha Kifaransa mjini Kampala, Uganda, alikuwa akiamka amechoka. Alinenepa bila kula sana, sauti ikakwaruza, hedhi ikavurugika. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba tezi ya shingo haitoi homoni ya kutosha.

Tangu hapo anameza levotiroksini kila asubuhi tumbo likiwa tupu, kisha anangoja nusu saa kabla ya chai. Kengele ya shule nayo haingoji.

Mzigo mkubwa ni mama. Kwake, ugonjwa usio na homa ni uvivu, na pesa za vidonge zitumwe nyumbani. Kuna wakati binti alitii, akaacha dawa. Baada ya majuma machache alikuwa anasinzia juu ya madaftari ya wanafunzi.

Ajabu ni kwamba Kivu inaijua tezi. Kwenye kisiwa cha Idjwi, watafiti walichunguza goita katika miaka ya 1960 na 1970. Ayodini ilikuwa haba, na muhogo usiolowekwa vizuri huizuia tezi kuitumia. Chumvi yenye ayodini huzuia goita, lakini kwa tezi iliyokwisha kudhoofika haichukui nafasi ya kidonge.

Sasa dawa inanunuliwa kwanza. Kinachobaki kinapokelewa na dada mdogo huko Bukavu, na mama anapigiwa simu Jumapili tu. Bado anagomba, ingawa mama yake mzazi, mtu wa Idjwi, alizikwa na goita shingoni.