Maji ya Ziwa na Haki ya Jirani

Mtu asimamaye Kamanga, ng'ambo ya mji wa Mwanza, huliona Ziwa Victoria limetanda mbele yake na kudhani kuwa maji yale hayana mwenyewe ila Mola aliyeyaumba. Lakini tarehe 7 Mei 1929, Uingereza na Misri zilipelekeana barua na kukubaliana kwamba, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, isifanywe kazi ya kumwagilia mashamba wala ya umeme katika Mto Naili, au katika maziwa unakotoka, iwapo itaidhuru Misri, mpaka Misri iridhie. Mkulima wa Usukuma hakuulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji zenyewe: Misri mita za ujazo bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5. Nchi za juu hazikutengewa fungu.

Tanganyika ilipokwisha kujitawala, Serikali ya Mwalimu Nyerere iliziarifu nchi hizo mwaka 1962 kwamba haifungwi na mapatano ya 1929. Ilikuwa kauli ya haki, ila kauli peke yake haifikishi maji shambani. Ilibidi watu wakae barazani miaka mingi, hata tarehe 14 Mei 2010, huko Entebbe, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi nne za kwanza kutia saini mapatano mapya ya ushirikiano. Yalianza kuwa sheria tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuyaridhia. Misri na Sudan hazikutia saini.

Mapatano hayo yasema kila nchi itumie maji kwa uadilifu na kwa kiasi, wala isimtie mwenziwe madhara makubwa. Asiicheke mtu hofu ya Misri: mvua kwao ni haba mno, na mto ule ndio uhai wao. Hata hivyo, maji mengi yafikayo Misri hutoka milima ya Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo. Na ziwa letu hujazwa zaidi na mvua inyeshayo juu yake lenyewe, kisha sehemu kubwa hupaa tena kwa jua. Bustani ya nyanya ya Kamanga haitaikausha Cairo.

Waislamu twaijua kesi kama hii. Zubair bin Awwam na Ansari mmoja wa Madina waligombania mfereji, na shamba la Zubair lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimwambia amwagilie, kisha amwachilie jirani yake. Yule jirani alipodai kuwa amependelewa kwa ujamaa, Mtume alimpa Zubair haki yake timamu: ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, ndipo ayaachie. Basi wa juu ana haki ya kutangulia, nayo ina mpaka wake.

Mpaka huo sasa watufikia sisi wenyewe. Kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, achotaye kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Lakini atakaye kufunga pampu na kumwagilia shamba yampasa aombe kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyoko Mwanza. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka majini. Hapo ndipo penye uzito, kwani ardhi yenye rutuba na unyevu ndiyo hiyo iliyo karibu na maji, na mwenye robo eka hana pengine pa kuhamia. Mwenye fedha hununua mipira mirefu akalima mbali. Maskini hubaki na ndoo yake.

Wakulima wadogo waweza kuungana katika jumuiya ya watumia maji, wakaomba kibali pamoja na kupangiana zamu. Na ukame ukizidi hata maji yasitoshe wote, sheria hiyo ya 2009 yataka yatangulizwe ya kunywa na kupikia, kisha ya kuhifadhi mito na ziwa lenyewe. Shamba hungoja nyuma ya hayo, liwe la mwenye pampu kubwa au la mjane wa robo eka.