Kabla ya kununua poda, uliza leseni

Mtoto wa miezi minane amekataa uji, uzani umeshuka, na kwenye simu yako kuna mtu aliyevaa koti jeupe anayeuza poda ya kuongeza hamu ya kula. Anajiita mtaalamu wa lishe. Jina hilo alipewa na nani?

Kule Uingereza yeyote anaweza kujiita mwanalishe. Sheria huko inalinda jina la mtaalamu wa lishe ya tiba pekee. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2007 inawabana wote wawili: lazima wasajiliwe na taasisi ya KNDI na wawe na leseni. Basi mwombe nambari ya usajili, kisha uithibitishe na KNDI. Akikasirika, umeshapata jibu.

Kikazi wanatofautiana. Mwanalishe atakufaa kwa mlo wa familia, kunyonyesha na chakula cha kumwanzishia mtoto. Wa lishe ya tiba hupangia wagonjwa chakula, kwa mfano wenye kisukari au maradhi ya figo, akishirikiana na daktari.

Huyo wa miezi minane apelekwe kliniki kwanza, na kijitabu cha mama na mtoto mkononi. Kukataa chakula huenda ni ugonjwa, na poda haitibu ugonjwa.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anadungwa insulini, hapa hakuna mzaha. Mtu akikwambia usimamishe sindano ujaribu bidhaa yake, ondoka. Mtoto huyo anaweza kufa katika siku chache tu.