Simbilisi Anapogoma Kula: Jina, Sababu na Hatua za Kuchukua

Utangulizi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayemfuga simbilisi, ufa huo ni chakula kilichoachwa bila kuguswa, na ukuta ni kifo kinachoweza kufika kabla ya siku mbili kutimia. Maelezo mengi kuhusu tatizo hili yameandikwa kwa lugha za kigeni, hivyo mtoto au mzazi anayetegemea Kiswahili hubaki akimtazama mnyama wake akififia. Makala haya yanajaribu kuliziba pengo hilo.

Suala la jina

Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walimfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kuwasili katika karne ya 16. Waingereza humwita nguruwe wa Guinea, ilhali si nguruwe wala hakutoka Guinea. Kulitafsiri jina hilo sisisi ni kuurithi upotovu wake. Wapo pia wanaomwita pimbi. Hata hivyo, pimbi ni mnyama wa miambani ambaye kinasaba yu karibu na ndovu kuliko panya, ilhali simbilisi ni wa jamii pana ya panya. Jina simbilisi, linalotumika sana nchini Tanzania, ndilo linalofuatwa hapa. Jambo hili lina uzito wake: anayempigia daktari wa mifugo simu na kumtajia pimbi amekwisha kumpotosha kabla ya kueleza ugonjwa.

Kwa nini kutokula ni hatari

Utumbo wa simbilisi umeumbwa kufanya kazi bila kukoma. Nyasi anazokula huchachushwa na bakteria katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Chakula kikikatika, mwendo wa utumbo hupungua, gesi hujaa, na maumivu humfanya azidi kukataa kula. Mwili nao huanza kuyeyusha mafuta yake, ini likalemewa. Kwa hivyo, simbilisi aliyekaa nusu siku bila kula ni mgonjwa wa dharura. Isitoshe, yeye ni mnyama anayewindwa, na kwa silika huficha udhaifu wake. Dalili zinapoonekana, yaani kujikunyata, manyoya kusimama, kusaga meno, kinyesi kidogo au kutokuwapo kabisa, ugonjwa huwa umekwisha kukomaa.

Sababu kuu

Sababu ya kwanza ni meno. Simbilisi ana meno 20, na yote hukua maisha yake yote. Asipopata nyasi za kutosha za kuyasaga, magego hurefuka na kuubana ulimi. Mnyama wa namna hii hukisogelea chakula, akakiokota, kisha akakiangusha.

Sababu ya pili ni upungufu wa vitamini C. Kama binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini hii, naye huhitaji takribani miligramu 10 hadi 30 kila siku kwa kila kilo ya uzito wake. Akiikosa, viungo huvimba na ufizi hutoka damu. Kosa la kawaida ni kumlisha chakula cha sungura cha dukani, ambacho hakiongezwi vitamini hiyo kwa kuwa sungura hujitengenezea mwenyewe.

Nyingine ni maambukizi ya mapafu, mawe ya kibofu, joto kali, mimba iliyokomaa na kiu inayotokana na chupa ya maji iliyoziba.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mfugaji atazame chupa ya maji, kinyesi na tumbo, kisha ampime uzito. Tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, asimlishe kwa nguvu. Ampeleke kwa daktari mara moja.

Pili, atafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na aulize kama ana uzoefu wa wanyama wadogo. Asimpe kamwe dawa zilizosalia nyumbani. Amoksilini na jamii yote ya penisilini, zikimezwa, huwaua bakteria wema wa utumbo na zaweza kumuua simbilisi mwenyewe.

Tatu, anapomsubiri daktari, ikiwa tumbo ni laini na mnyama anameza, aloweke chakula chake cha kawaida kiwe uji, amlishe kwa sirinji isiyo na sindano. Ncha ipitishwe pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na atoe kiasi kisichozidi mililita moja kwa wakati, akisubiri atafune na kumeza. Haraka hupeleka uji mapafuni. Kazi hii hurudiwa kila baada ya saa chache, usiku ukiwamo.

Nne, amweke mahali penye utulivu na joto la wastani, nyasi kavu zikiwa karibu, pamoja na kipande cha pilipili hoho, ambayo ina vitamini C kwa wingi. Mwenzake aliyemzoea asitengwe naye, ila daktari akishuku maambukizi.

Hitimisho

Kinga ni bora kuliko tiba. Nyasi tele, mboga mbichi kila siku na mizani kila wiki humwonyesha mfugaji ufa ungali mwembamba. Simbilisi hana namna ya kusema anaumwa. Sahani yake iliyojaa ndiyo kauli yake, na ni wajibu wa aliyemfuga kuisikia mapema.