Kwa nini hitilafu moja huzima mikoa mitano ya Oman

Mchana wa Jumatatu tarehe 5 Septemba mwaka 2022, umeme ulikatika kwa pamoja katika mikoa ya Muscat, Batinah Kusini, Dakhiliyah, Sharqiyah Kaskazini na Sharqiyah Kusini. Bidbid, mji wa Dakhiliyah ulioko penye njia panda ya kwendea Nizwa na Sur, umo katika eneo hilo. Chanzo kilikuwa hitilafu katika mtandao mkuu wa kusafirisha umeme. Je, yawezekanaje hitilafu ya mahali pamoja kuathiri mikoa mitano?

Umeme wa gridi hutumika papo hapo unapozalishwa. Hauwekwi ghalani kama tende. Viyoyozi vikiwashwa, mitambo haina budi kuongeza nguvu. Kwa hiyo waongozaji wa gridi, walio zamuni usiku na mchana, hutazama masafa ya umeme, ambayo nchini Oman ni hetzi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, masafa hushuka. Yakishuka mno, mitambo hujizima ili isiharibike.

Njia za msongo mkubwa nchini humo ni za kilovolti 132, 220 na 400. Kanuni ya waongozaji ni kwamba njia moja ikipotea, zilizosalia ziweze kuubeba mzigo wake. Zikielemewa, swichi za kinga huzikata nazo, moja baada ya nyingine. Kuurejesha umeme pia hufanywa eneo baada ya eneo, kwani wateja wote wakirudishwa kwa mpigo, mizani huvurugika upya.

Wasikilizaji wetu wa Zanzibar wanaifahamu hatari hiyo. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa kuwa kilitegemea kebo moja tu ya baharini kutoka Tanzania Bara. Kebo ya pili ilizinduliwa mwaka 2013.

Oman nayo iliunganishwa na gridi ya nchi za Ghuba mwaka 2011, kupitia Umoja wa Falme za Kiarabu. Muungano huo haukuzuia tukio la mwaka 2022, lakini mwaka uliofuata njia mpya ya kilovolti 400 ilifika Duqm. Njia ya ziada ni ghali, na kwa siku nyingi huonekana kama haihitajiki. Hata hivyo, ndiyo itakayoamua iwapo nyumba za Bidbid zitabaki na umeme siku njia nyingine itakapokatika.