Je, Wajua? Wafalme wa Kelele kutoka Kyoto

Je, wajua kwamba kuna bendi ya Japani iliyodumu zaidi ya miaka 40 kwa kupiga kelele tupu? Inaitwa Hijokaidan, jina la zile ngazi za dharura za kukimbilia jengo linapowaka moto. Ilianzishwa Kyoto mwaka 1979 na wapiga gitaa wawili, Jojo Hiroshige na Naoki Zushi. Ukitafuta humo ubeti, kiitikio au mdundo wa kuchezea, utatoka mikono mitupu. Utakuta gitaa, ngoma, mashine za umeme na mayowe ya binadamu, vyote vimefunguliwa hadi mwisho tangu sekunde ya kwanza.

Je, wajua kwamba malighafi ya muziki huu ni kitu ambacho fundi mitambo wa harusini hukikwepa kwa kila njia? Ni ule mluzi wa maiki. Maiki ikisogea mbele ya spika hunasa sauti inayotoka pale na kuipeleka kwenye amplifaya. Sauti hukuzwa, hutoka tena kwenye spika, hunaswa tena. Mzunguko huo ukijirudia haraka haraka, sikio linapata mlio mmoja mkali. Gitaa la umeme lina tabia hiyohiyo: mawimbi ya spika hutikisa nyuzi, sumaku zilizo chini ya nyuzi hunasa mtikisiko, na gitaa hulia lenyewe bila kuguswa na kidole. Mpigaji akisogea hatua moja, au akiligeuza gitaa kidogo tu, mlio unapanda au unashuka. Anayedhani kwamba yeyote anaweza kufanya hivi, ajaribu kuuongoza mluzi huo kwa nusu saa mfululizo.

Je, wajua kwamba wazo lenyewe ni la zamani zaidi? Mwitaliano Luigi Russolo aliandika ilani yake ya sanaa ya kelele mwaka 1913, akaunda na masanduku ya kuzitoa. Mwaka 1975 Lou Reed wa Marekani alitoa “Metal Machine Music”, santuri mbili zilizojaa milio ya gitaa inayojizungusha. Kazi ya Wajapani ilikuwa kuipa kelele makao: bendi zake, lebo zake, kumbi zake na wasikilizaji wake. Mtafiti wa Marekani David Novak aliwaandikia kitabu kizima, “Japanoise”, kilichotoka mwaka 2013.

Je, wajua kwamba vijana wa Hijokaidan walikuwa wasikilizaji kabla ya kuwa wapigaji? Kyoto ilikuwa na mkahawa mdogo ulioitwa Drugstore, ambako watu walikaa wakisikiliza santuri za ajabu kutoka Ulaya na Marekani, zile ambazo redio haikuzigusa. Huko ndiko masikio yao yalikofunzwa.

Maonyesho yao ya mwanzo yalitisha kweli. Vyombo vilivunjwa, vyakula vilirushwa, hata mkojo na matapishi vilifika jukwaani. Sifa hiyo iliwafuata kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu iliwaficha zaidi kuliko ilivyowatangaza, kwa sababu watu walisimulia uchafu wakasahau kusikiliza. Santuri yao ya kwanza, “Zouroku no Kibyo” ya mwaka 1982, ilichukua jina lake kwenye hadithi ya katuni za kutisha ya mchoraji Hideshi Hino.

Je, wajua kwamba mmoja wa nguzo za bendi hii alikuwa mfanyakazi wa benki? Toshiji Mikawa alishinda ofisini mchana, na usiku akakunja mikono ya shati mbele ya meza iliyojaa vidude vya umeme na nyaya zilizopishana. Mwaka 1981 alianzisha pia Incapacitants, ambayo baadaye ikawa kundi la watu wawili, yeye na Fumio Kosakai, mtumishi wa serikali. Watazame wakiwa kazini: wanaume wawili wa makamo wameinamia meza, wanatetemeka mwili mzima, wanarukaruka, jasho linawatiririka, na mikono haiachi kuzungusha vitufe. Sijaona furaha kubwa kuliko hiyo kwenye jukwaa lolote.

Je, wajua kwamba sauti inayoogopwa zaidi katika Hijokaidan haipitii mashine ya kuipotosha? Ni ya Junko. Anashika maiki na kupiga mayowe: juu, membamba, makali, bila neno hata moja. Ana albamu yake mwenyewe, “Sleeping Beauty”, ambayo ndani yake hakuna kingine ila koo lake.

Je, wajua kwamba mwaka 1984 Hiroshige alianzisha lebo ya Alchemy Records huko Osaka? Bila lebo hiyo, sehemu kubwa ya historia hii ingebaki kwenye kaseti za watu binafsi. Ilitoa kazi za Incapacitants, za wasanii wengine wa kelele kama Masonna na Merzbow, na za Hijokaidan yenyewe, na bendi ilipotimiza miaka 30 likatoka sanduku la CD 30. Hata hivyo Merzbow, yaani Masami Akita wa Tokyo, alikuwa amewatangulia: “Merzbox” yake ya mwaka 2000, iliyotolewa na lebo ya Australia, ina CD 50.

Lakini utajiri mkubwa wa Hijokaidan uko kwenye ushirikiano. Bendi nyingi zikialika mgeni, kila upande hujipunguza kidogo ili watu wapatane. Hawa hawajipunguzi. Kelele yao inabaki vilevile, na mgeni ndiye anayelazimika kuonyesha ameumbwa kwa nini.

Je, wajua kwamba mazoea hayo yalianza miaka ya 1980, walipoungana na bendi ya panki ya The Stalin ya mwimbaji Michiro Endo? Walijiita Sta-Kaidan. Tangu hapo mtindo ukawa huo: chukua jina la mgeni, weka “kaidan” mwishoni.

Je, wajua kwamba mwaka 2013 walifanya albamu na kundi la wasichana waimbaji wa pop? Kundi lilikuwa BiS, albamu ikaitwa “BiS Kaidan”, na ilitolewa na Avex, kampuni kubwa ya Ayumi Hamasaki na nyota wengine wa redioni. Wasichana wanaimba nyimbo zao tamu, wakati nyuma yao gitaa la Hiroshige na mashine za Mikawa zinaunguruma bila kuwahurumia. Ajabu ni kwamba nyimbo hazifi. Sauti za wasichana zinapata ujasiri ambao studio safi haikuwahi kuzipa. BiS walivunja kundi mwaka uliofuata, kwenye ukumbi wa Yokohama Arena.

Mwaka huohuo wa 2013 wakaja na “Hatsune Kaidan”, na safari hii mwimbaji hakuwa binadamu. Hatsune Miku ni programu ya kuimba iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo, kwa sauti zilizorekodiwa na mwigizaji Saki Fujita. Mtumiaji anaandika maneno na noti, kompyuta inaimba. Ukiisikiliza karibu na kazi za Junko utapata jambo la kukufikirisha: Junko ana koo bila maneno, Miku ana maneno bila koo, na kelele imewapokea wote wawili.

Je, wajua kwamba kuna pia Jazz Hijokaidan? Mgeni wao mkuu huko ni mpiga saksafoni Akira Sakata, aliyezaliwa mwaka 1945, aliyesomea biolojia ya bahari katika Chuo Kikuu cha Hiroshima kabla ya kupata jina kwenye kundi la watu watatu la mpiga piano Yosuke Yamashita. Mwaka 2012 walirekodi Shinjuku Pit Inn, ukumbi wa jazi wa Tokyo ulioanza mwaka 1965. Mzee mwenye pumzi za namna ile hahitaji kubembelezwa.

Ila wapinzani wao wa kweli nawahesabu kuwa Borbetomagus wa New York: saksafoni za Jim Sauter na Don Dietrich, gitaa la Donald Miller. Nao walianza mwaka 1979, upande wa pili wa dunia. Sauter na Dietrich wana mtindo wao wa kukutanisha midomo ya saksafoni zao, mdomo kwa mdomo, na kupuliziana hadi vyuma vitetemeke. Makundi haya mawili yalikutana mwaka 2006 kwenye tamasha la Victoriaville, Quebec, Kanada, na rekodi ikatoka kwa jina la “Both Noises End Burning”. Sauti ipi ni ya nani, baada ya dakika chache huwezi kusema.

Na ipo kazi moja ambayo Hiroshige aliifanya kwa upole mkubwa. Katika Slap Happy Humphrey, akiwa na mwimbaji Mineko Itakura, alirudia nyimbo za Doji Morita, mwanamke wa miaka ya 1970 aliyeimba kwa sauti ya chini juu ya huzuni za vijana, macho yakiwa nyuma ya miwani myeusi. Itakura anaimba taratibu juu ya gitaa la kawaida, kisha kelele inapasua wimbo, kisha inaondoka na wimbo unaendelea. Mimi naiweka juu ya kazi zote nilizozitaja.

Je, wajua kwamba kelele za Wajapani zimekwisha kukutana na sauti za Afrika Mashariki? Shigeru Ishihara, Mjapani anayeishi Berlin na kujulikana kama Scotch Egg, alifanya kazi Kampala na wasanii wa kundi la Nyege Nyege, akajipa jina jipya la Scotch Rolex, kwa heshima ya rolex, ile chapati ya mayai ya mitaani. Albamu yake “Tewari” ya mwaka 2021 ina sauti za MC Yallah, na za Lord Spikeheart wa Nairobi, wakati huo mpiga mayowe wa kundi la Duma. Mayowe ya Spikeheart yangemfurahisha Junko.

Ukitaka kuanza, anza na Slap Happy Humphrey, nenda “BiS Kaidan”, halafu Borbetomagus. Sanduku la CD 30 liache mpaka utakapojijua. Na linda masikio yako. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Zikifika 100, umebaki na dakika 15 tu. Ukienda kuwasikiliza ukumbini, vaa viziba masikio kabla hawajapanda jukwaani.