Hali ya Kituo na Hali ya Kitenzi: Amri ya showcpus kwa Kiswahili

Miongoni mwa programu zinazotumiwa kupanga na kuendesha kazi za kompyuta katika mabenki, mashirika ya bima na idara za serikali, ipo moja iliyoanza kwa jina la Maestro. Iliundwa na kampuni ya Unison Software ya Marekani. Mwaka 1997 kampuni hiyo iliingia mikononi mwa Tivoli, ambayo nayo ilikuwa imekwisha kununuliwa na IBM mwaka 1996. Kwa miaka mingi programu hiyo ilijulikana kama Tivoli Workload Scheduler, kisha jina la IBM likashika nafasi ya lile la Tivoli. Waundaji wake walipenda istilahi za muziki: mpango wa kazi za siku huitwa Symphony, nakala yake inayopelekwa vituoni huitwa Sinfonia, na chombo cha kutungia ratiba huitwa composer. Majina hayo hayamshughulishi sana mwanaisimu. Kinachomshughulisha ni amri moja fupi, showcpus, ambayo huonyesha hali ya vituo vya kazi, pamoja na ugumu unaozuka mara tu mtu anapojaribu kusema kwa Kiswahili kile ambacho amri hiyo imejibu.

Makala haya yanakusudia kuieleza amri hiyo na kuonyesha kwamba ugumu wenyewe si wa msamiati, kama inavyodhaniwa aghalabu, bali ni wa kitenzi. Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Afrika Mashariki umetumia nguvu nyingi mno juu ya nomino. Wako waliopigania tarakilishi, wako waliopigania ngamizi, na wako walioridhika na kompyuta. Mwendeshaji wa mitambo anaweza kufanya kazi yake barabara kwa neno lolote kati ya hayo matatu. Lakini akisomewa kitenzi kisichofaa, anaweza kuharibu hesabu za usiku mzima.

Kwanza ni lazima mambo machache yafafanuliwe. Neno "kazi" hapa lina maana maalumu: ni programu, au mfululizo wa maagizo, unaotekelezwa bila mtu kuusimamia, mathalani kukokotoa riba, kutayarisha mishahara au kuchapa taarifa za wateja. Kituo cha kazi ni kompyuta ambamo kazi hizo hutekelezwa, na pengine ni jina tu linalosimama badala ya mfumo mwingine. Vituo hugawanywa katika maeneo, na kila eneo lina kituo kinachosimamia vingine. Juu ya yote kipo kituo kikuu, ambacho hutunga mpango na kuugawa. Sasa, vituo vingi katika mpangilio huu ni vya aina inayostahimili hitilafu. Kila kimoja hukaa na nakala yake ya mpango. Mawasiliano na msimamizi yakikatika, kituo hakikai bure kikisubiri. Huendelea kutekeleza kazi zilizomo katika nakala yake, ila zile zinazotegemea habari za kituo kingine. Taarifa za yaliyotendeka hulimbikizwa, nazo hupelekwa mawasiliano yanaporejea. Kwa hiyo kituo kisichosikika si lazima kiwe kimesimama. Jambo hili ndilo kiini cha yote yanayofuata.

Mwendeshaji anayetaka kujua hali ya vituo huingia katika programu iitwayo conman, akaandika showcpus, au kwa ufupi sc. Amri ikiandikwa peke yake, huletewa vituo vya eneo lile anamoulizia. Akiandika sc @!@, alama ya @ ikisimama mahali pa jina lolote, huletewa vituo vyote vya maeneo yote. (Neno cpus katika jina la amri ni masalio ya siku ambapo kituo kiliitwa kwa jina la kiini cha kompyuta. Vituo vimebadilishwa jina, amri haikubadilishwa.) Jibu huja katika mistari, kila kituo na mstari wake: jina la kituo, namba ya mpango, aina ya mashine na ya kituo, kikomo, uzio, tarehe na saa, herufi za hali, njia maalumu ikiwapo, na jina la eneo.

Kikomo na uzio havina matata. Kikomo ni idadi ya kazi zinazoweza kutekelezwa kwa wakati mmoja kituoni. Kikiwa 0, hakuna kazi inayoanzishwa isipokuwa zenye vipaumbele viwili vya juu kabisa, viitwavyo hi na go. Uzio ni kiwango cha kipaumbele: kazi isiyokizidi hubaki nje. Neno uzio latosha kabisa, na taswira yake yaeleweka kwa msomaji yeyote aliyepata kuona shamba.

Tarehe na saa ni mtego. Msomaji wa jibu hili, akiona saa imeandikwa kando ya herufi za hali, huelekea kudhani kwamba ndiyo saa ya habari yenyewe. Yaani kwamba kituo kilikuwa katika hali hiyo saa hiyo. Sivyo. Saa hiyo ni ile ambayo kituo kilianza kuendesha mpango uliopo. Katika mstari mzima hakuna mahali panapotaja umri wa habari.

Herufi za hali ndizo zinazohitaji muda. Kituo cha kawaida kinachostahimili hitilafu, mambo yakiwa shwari, huonyesha LTI JW. Herufi L ina maana kwamba kiungo baina ya kituo na msimamizi wake ki wazi. T, kwamba kiungo hicho ni cha moja kwa moja kwa utaratibu wa TCP/IP. I husema kwamba jobman, programu inayoanzisha kazi, imemaliza maandalizi yake. J husema kwamba jobman yenyewe inaendelea. W husema kwamba writer, programu inayopokea ujumbe kutoka nje, iko tayari kituoni hapo.

Mfasiri akizitazama herufi hizi ataona kwamba kila moja yadai wakati wake katika kitenzi. I ni jambo lililokamilika: jobman imekwisha kujiandaa. J ni jambo linaloendelea, na kwa hiyo mtu atakimbilia -na-: jobman inafanya kazi. Hapa tayari pana hatari, kwa kuwa neno "kazi" limekwisha kupewa maana maalumu. Msomaji anayesoma "jobman inafanya kazi" ana haki ya kuelewa kwamba ipo kazi inayotekelezwa wakati huo. J haisemi hivyo. Jobman inaweza kuwa tayari usiku kucha pasipo kazi hata moja kuanzishwa, kwa mfano kikomo kikiwa 0. Lililo bora ni kusema kwamba jobman iko macho. Usemi huo ni wa kila siku, hauna dai lolote juu ya shughuli, nao unaacha nafasi ya kusema baadaye kama kuna kazi au hakuna.

L nayo inahitaji -me-. Tangu Ashton alipochapisha sarufi yake mwaka 1944, wanafunzi wa Kiswahili wamefundishwa kwamba kiambishi hiki hueleza tendo lililotimia pamoja na hali iliyotokana nalo. Amelala si kusema tu kwamba alilala, bali kwamba hata sasa yu usingizini. Kimeunganishwa, vivyo hivyo, husema kwamba kiungo kingali kipo. Swali lililobaki ni la mnyambuliko. Kimeunganishwa humdokeza mtendaji, na mtendaji huyo huwapo wakati mwingine: mwendeshaji ametoa amri ya link. Aghalabu hayupo, kwa maana programu yenyewe imefungua kiungo mpango ulipoanza. Kimeungana kingependeza sikioni, lakini -an- yadai usawa wa pande mbili, hali mstari wa jibu hutoa habari ya upande mmoja tu. Kwa sababu hiyo kimeunganishwa kinafaa zaidi, ingawa kinadokeza mtu ambaye pengine hakuwapo.

Shida kubwa, hata hivyo, huja pale ambapo L haipo. Jibu halina herufi ya ukanushaji. Lina nafasi tupu. Mwingereza huisoma nafasi hiyo kwa neno moja la kukana, asiulize zaidi. Mswahili hana njia rahisi hivyo, kwa sababu -me- haina ukanushaji ulio wake hasa. Akitaka kukana kimeunganishwa, sarufi humpa hakijaunganishwa, na -ja- huja na tarajio: bado, lakini inangojewa. Tafsiri hiyo ni sahihi mapema, mpango mpya unapoanza na viungo vinafunguliwa kimoja baada ya kingine. Haifai hata kidogo saa nane za usiku kwa kituo kilichokuwa na L na sasa hakina. Hapo itabidi kusema kiungo kimekatika, kwa -ik-, endapo waya au mtandao ndio uliokosa. Au kiungo kimekatwa, kwa -w-, endapo mwendeshaji ametoa amri ya unlink kwa makusudi. Hakikuunganishwa ni jambo la nne: fursa ilikuwapo ikapita. Nafasi ileile tupu, basi, yaweza kuwa hakijaunganishwa, kimekatika, kimekatwa au hakikuunganishwa, na skrini haisemi ni lipi.

Huenda wengine wakaona kwamba huu ni udhaifu wa Kiswahili mbele ya mitambo. Kwa hakika ni kinyume chake. Lugha inamlazimisha msemaji kuuliza swali ambalo mwendeshaji mwangalifu hana budi kuliuliza kwa vyovyote. Hata hivyo mfasiri hana ruhusa ya kujibu swali hilo kwa niaba ya mashine. Anahitaji usemi usiodai zaidi ya kilichoandikwa, nao upo: kituo hakina kiungo. Kiambishi -na cha umiliki hakitaji tendo wala mtendaji, hakina tarajio wala historia. Kwa mstari wa taarifa, hicho ndicho kinachotakiwa.

Usemi ambao haufai kabisa ni ule unaokuja kwanza mdomoni: kituo hakifanyi kazi. Na ichukuliwe kwamba mwongozo wa Kiswahili umeandika hivyo mbele ya kituo kisicho na L. Mwendeshaji wa zamu ya usiku anasoma; anajua kwamba kazi ya mishahara ilipangwa kituoni hapo; anaianzisha upya katika kituo kingine ili asubuhi isimkute hana jibu. Kumbe kituo cha kwanza kilikuwa na nakala yake ya mpango na kimeitekeleza kazi hiyo kama kawaida. Mtandao unaporejea, taarifa zilizolimbikizwa zinaingia, na mishahara imetayarishwa mara mbili. Hakuna kilichoharibika katika mitambo. Kilichokosewa ni kitenzi. Mwongozo ungaliandika "kituo hakina kiungo", mwendeshaji angaliuliza hatua ya pili: kujaribu link, kutazama kwa showcpus;link kama kituo kimewekewa alama A ya kujiunga chenyewe, au kumpigia simu aliye karibu na mashine aingie conman papo hapo na kuuliza kule kule.

Ushauri huo wa mwisho wafungua suala ambalo halijapewa uzito unaostahili, yaani ni nani anayesema ndani ya jibu la showcpus. Jibu hutolewa na nakala ya mpango iliyopo pale mwendeshaji alipo. Habari za vituo vingine ni zile zilizofika hapo. Ushahidi bora unapatikana katika vituo vya nyongeza, yaani majina yanayosimama badala ya mifumo ya nje, ambavyo kila kimoja hukaa chini ya kituo mwenyeji. Mwendeshaji akiuliza akiwa kwenye mwenyeji, huona LXI JX. Akiuliza kutoka kituo kingine chochote, kituo kilekile, dakika ileile, huonyesha LHI JH. X ni kauli ya anayehusiana nacho moja kwa moja. H ni kauli ya anayekijua kwa kupitia mwenyeji wake. Hali haikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni shahidi.

Kiswahili hakina viambishi vya kutofautisha habari ya kuona na habari ya kusikia, kama zilivyo baadhi ya lugha za dunia, lakini kina vyombo vya kutosha: yaonekana, inasemekana, yasikika kwamba, na hata eti, ingawa hili la mwisho lina dharau ambayo haistahili kuandikwa katika mwongozo wa benki. Kwa X, mfasiri aweza kusema kwamba kituo kiko chini ya mwenyeji huyu. Kwa H, kwamba kinajulikana kupitia mwenyeji wake. Na kwa orodha nzima, kichwa cha "Hali ya Vituo", ambacho kila mfasiri angekipendelea kwa ufupi wake, kinadai mengi kuliko orodha inavyojua. Kingefaa kitaje mahali palipoulizwa: "Habari za Vituo Kama Zilivyopokewa Hapa".